Twiga Mia Mbili

Mtaka cha mvunguni huinama.
Mimi niliinama kukiweka:
katoni nne chini ya kitanda, Northampton,
twiga mia mbili wa silikoni, shingo ndefu, tumbo la matundu,
vichujio vya chai.
Yaani nilikusudia kuwauzia kichujio Waingereza,
watu ambao chai yao huzaliwa ndani ya kifuko.

Usinicheke. Au cheka tu, nimeshacheka mwenyewe.

Yule kijana wa kwenye simu alikuwa na meno meupe
na gari ambalo sasa najua lilikuwa la kukodi.
Pesa huingia ukiwa umelala, alisema.
Nikamlipa pauni mia mbili tisini na saba anifundishe kulala,
na tangu siku hiyo sikulala.
Saa tisa za usiku, nimetoka zamu
ya kugeuza wazee wasichubuke mgongo,
nilikaa jikoni na koti langu, hita nimeizima kubana matumizi,
nikimpiga picha twiga juu ya foronya nyeupe,
nikishusha bei, nikiipandisha, nikiishusha,
nikichungulia kama kuna mtu,
kama anayefungua friji mara ya nne
akidhani kuna chakula alichokisahau.

Kabla ya twiga yalikuwa madodoso.
Senti thelathini, utoe maoni kuhusu chakula cha paka.
Sina paka. Nilitoa maoni.
Haba na haba, nikajipa moyo,
lakini hulipwi mpaka zitimie pauni ishirini,
na nilipofika kumi na tisa na nusu
kila dodoso likaniambia: samahani, hufai.

Salha alikuja na karatasi ya safari ya shule.
Ngoja, nikamwambia, namhudumia mteja.
Hakukuwa na mteja.
Alisimama mlangoni na soksi moja,
akaangalia kioo cha simu yangu, akaniangalia mimi,
akaenda zake.
Hilo sijalilipa bado.

Kisha, Februari, theluji imelowa kama uji,
simu ikalia mlio wa sarafu:
Dorothy Plimmer, wa Kettering, twiga mmoja.
Nilimfunga kwa karatasi laini kama mtoto wa siku saba.
Nikaandika kwa mkono: Asante kwa kuunga mkono biashara ndogo,
na kopa pembeni, kalamu nyekundu.
Nyota tano! Nilizipiga picha, nikamtumia mama Wete.
Dorothy akanunua tena. Na tena.
Nikaagiza katoni ya tano.

Machi, natafuta kikwangulio cha barafu
nyuma ya gari, chini ya tairi la akiba:
vifurushi vitatu, havijafunguliwa,
mwandiko wangu, kopa zangu.

Makame alikuwa anavua viatu vya kazi.
Dereva wa basi, mtu wa maneno machache.
Mwenzangu wa gereji anakaa Kettering, akasema.
Na hilo jina?
Liko kwenye benchi, kituo cha mwisho, pale ninapogeuzia.
Marehemu. Aliipenda bustani ile, ndivyo walivyoandika.

Nikapiga hesabu, maana hesabu ndiyo niliyobaki nayo:
kila twiga alimtoa yeye pauni sita,
akaniingizia mimi senti themanini.
Zilizobaki zilikula stempu, na mtandao, na yule mwenye meno.
Mara tatu nyumba yetu ilijinunua yenyewe kwa hasara
ili mtu mmoja ndani yake atabasamu.
Nilitaka kugomba. Nilikuwa na haki ya kugomba.
Nikasema, ungeandika angalau nyota nne, ningeshtuka mapema.

Duka la hisani walichukua twiga kumi,
wakaniomba kwa adabu nisirudi.
Safari ya shule nililipa, imechelewa, na faini.
Waliobaki wamo mvunguni. Niliinama kuwahesabu, basi.

Usiku ule tulimfungua mmoja wa Dorothy,
tukamzamisha kikombeni hadi shingoni.
Anavuja. Miaka yote mtu hajaniambia kwamba anavuja!
Tulikunywa huku tunatema majani,
Makame pembe hii ya meza, mimi ile,
simu nimeilaza kifudifudi.

Nikalala.
Hakuna pesa iliyoingia.