Kibla cha Huko

Ujumbe wa kwanza wa sauti uliingia alfajiri,
nami nina unga wa mahamri hadi kwenye viwiko.
Baba, akipaza sauti kama anayetuita kutoka ng'ambo ya Likoni:
"Tumefika! Istanbuli! Thureya, wasikia?
Waambie wenzio, bomba la huku ukilifungua
lamwaga maji moto, usiku na mchana, bila kuombwa!"
Shee akaitazama mitungi yetu sita mlangoni,
ile tuliyonunua jana kwa mwenye mkokoteni,
akasema, "Basi na aoge, atuogee na sisi."

Wa pili ulikuwa wa Mama. Mama huanza na salamu:
za Bibi, za jirani Bi Mwanasha, za kuku anayeatamia,
ndipo akashusha pumzi.
"Baridi, wanangu. Si ya friji, si ya mvua za Julai.
Hii yaingia mpaka kwenye meno.
Baba yenu amefunga kikoi ndani ya suruali
na bado atetemeka kama pazia."

Mapazia ndiyo yaliyowapeleka,
marobota matatu ya duka letu la mtaa wa Biashara.
Miaka kumi na tisa wakinunua kwa watu walionunua kwa watu,
na hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege.

Mchana simu haikutulia.
"Chai yao haina maziwa. Gilasi nyembamba kiunoni,
vidonge viwili vya sukari vimekaa kando kama mashahidi.
Mama yenu kaomba maziwa,
muuzaji akamtazama kana kwamba kaitisha ng'ombe mzima."
"Msimsikize. Sikuomba, niliuliza tu."
"Aliomba."
"Na paka! Paka wa huku wanene, wamekalia viti vya dukani.
Mteja asimama, paka hainuki."

Swabra, wa miaka mitano, akaninyang'anya simu:
"Mama, hao paka walia Kituruki?"
Jibu lilichukua dakika arubaini kufika.
"Nimewasikiliza vizuri. Walia Kimvita kitupu."

Usiku tukanunua bando, tukawaona.
Nyuso mbili ndani ya kioo kimoja chenye ufa,
wamebanana kama wapigaji picha ya pasipoti.
"Huko ni saa ngapi?" akauliza Shee, kalamu mkononi,
maana mwalimu amewafundisha kuhesabu tofauti.
"Saa tatu."
"Na hapa saa tatu."
Akafunga daftari, moyo umemvunjika.
Nchi gani ya mbali isiyo na saa zake?

Bibi alikuwa amenyamaza tangu asubuhi.
Hakuuliza maji, hakuuliza paka.
Sasa akasogeza uso mpaka pumzi yake ikafunika kioo:
"Huko mwaelekea wapi?"

Mama hakujibu upesi.
"Jana tulikosea, Mama. Tulikuwa tumechoka,
tukatandika, tukasimama kuelekea kaskazini
kama tulivyozoea hapo Tudor,
hata yule bibi aliyeleta taulo
akanishika mabega, akanigeuza kama mtoto.
Kibla cha huku ni kusini."

"Kusini," akarudia Bibi, akilionja neno.
Akachora mkekani kwa kidole:
hapa sisi, hapa wao,
hapa kati, Nyumba.
"Basi," akasema, "mwatutazama."

Baba akafungua kinywa, nadhani atoe mzaha wa maji moto.
Haukutoka.
Mama alikuwa ameanza, "Thureya, lile dirisha la chumba cha Swabra,"
na bando likakatika.

Hatukununua jingine.
Nikaosha vikombe. Nikatandika.
Mbele yangu ukuta ule ule, kalenda ya duka la saruji,
msumari uliopinda,
na televisheni ya jirani ikicheka kwa ndani.
Nimeuelekea ukuta huu tangu nina miaka saba
wala sijawahi kufikiri
kuna mtu anayeuelekea kutoka upande wa pili.
Niliinama. Nikainuka.
Nikajikuta sijui ni rakaa ya ngapi,
nikaanza upya.