Pettaway, Tena

Mara ya kwanza aliileta ndani ya foronya,
saksafoni ya duka la rehani, kutu ya kijani imeila shingo.
Kijana wa miaka kumi na saba, kucha bado na masizi
ya tanuri la chuma kule chini mtoni.
"Inavuja, Bwana Terzian."
Nikamwambia kila kitu Pittsburgh kinavuja.
Nilibadili ngozi za vifuniko saba, nikamtoza za vitatu.

Kisha bendi ikamchukua, na basi,
na hoteli za kusini zilizowapokea kwa mlango wa jikoni
au zisiwapokee. Walilala wameketi.
Najua, maana aliporudi nilikuta mkwaruzo
wa vifungo vya koti lake, mstari mmoja mrefu,
pale pale, usiku juu ya usiku,
kama mtu aliyempakata mtoto mwenye homa.

Mwaka wa santuri alivaa suti ya rangi ya moshi.
Jalada liliandika Orvil Petaway.
"Wamenilipa kwa herufi zilizobaki," akacheka.
Upande wa pili, wimbo wa tatu,
kuna pumzi anaivuta kabla ya noti ya chini.
Noti yenyewe siikumbuki sana.

Halafu ule mbonyeo.
Sikuuliza. Polisi wa Cleveland, mke wa kwanza, ngazi, wiski:
shaba husema ilipopigwa, haisemi na nani.
Siku mbili niligonga kwa ndani, taratibu,
haikurudi sawa.
"Iache. Hapo ndipo sauti inapojikwaa,
na watu hulipa kusikia hapo."

Meno yalimwisha kabla ya pumzi.
Miaka kumi na moja akaendesha lifti ya jengo la bima,
juu, chini, juu, kama mtoto anayejifunza skeli.
Lakini kila Oktoba aliileta, kavu, haijapulizwa.
"Inavuja."
Haikuvuja. Daftarini niliandika: Pettaway, tena. Bure.

Jana amekuja binti yake, Verlene, na foronya nyingine.
Nimechomoa shingo, nikaingiza kidole:
unyevu.
Ananiambia majirani walidhani ni redio,
mzee jikoni, meno ya bandia ndani ya glasi,
noti moja tu, kwa ufizi, mpaka chai ipoe.
Hata Alhamisi ile.

Anauliza kama inauzika.
Namwambia inavuja.