Uzamivu

Tangazo limebandikwa mlangoni pa banda la panya
kwa plasta ya vidonda, maana gundi imekwisha:
nafasi nne za shahada ya uzamivu,
sayansi za tiba na famasia, ufadhili kamili,
ada, posho, bima, tiketi ya kwenda na kurudi.
Umri usizidi miaka thelathini na mitano.
Nimelisoma mara tatu kabla ya kuwasha taa.
Panya hawakujali. Panya wanataka pumba.

Miaka kumi na tisa nawalisha, hapa Upanga,
ukuta mmoja na lile jokofu kubwa
lenye baridi ambayo hata Makete hawaijui.
Umeme ukikatika, mimi ndiye mkimbiaji wa jenereta.
Nimeona wazamivu sita wakiingia wembamba
na kutoka wembamba zaidi, wamevaa miwani.
Mmoja alizimia kwa sindano yake ya kwanza.
Mmoja aliwapa panya majina ya mashemeji.

Uzamivu. Neno hili lina ndugu yake kwetu.
Kaka yangu Chande alizamia meli pale Kurasini,
akajibana katikati ya marobota ya mkonge
na chupa mbili za maji, na boflo moja.
Ilikuja barua kutoka Durban, haina anwani.
Kisha basi.
Mpaka leo mama akisikia honi ya bandarini
mkono wake unasimama juu ya mbuzi ya nazi.
Sasa mtu unamwelezaje mama yule
kwamba kuna kuzamia kunakolipiwa,
kwa barua yenye mhuri?

Wenzake walilipiga picha wakapita.
Editha Kokushubira alilinakili kwa kalamu, kiganjani,
halafu akageuka:
"Mzee Nang'onda, mbona panya wa safu ya tatu wanakonda?"

Maprofesa wameniuliza funguo.
Wameniuliza nani kamaliza sukari.
Hili, hakuna.

Nikamwambia: dirisha.
Taa ya mlinzi inawamulika usiku kucha.
Hawalali, na asiyelala dawa haimkai.
Imo kwenye daftari la pumba, tangu mwaka juzi.
Akaliomba. Akakaa juu ya gunia
hadi saa mbili usiku, akisoma gramu zangu
kama mtu anayesoma barua ya posa.

Wahenga walisema mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi.
Panya hawakumtaja.

Wiki kumi na moja. Kisha usaili, kwa kompyuta,
mtandao ukikwama kila alipofika kwenye "vimelea".
Swali lake lilikuwa hili, nami nililisikia dirishani:
vidonge vilevile vya kifua kikuu,
je, vinamkaa mlinzi wa usiku
kama vinavyomkaa karani wa mchana?
Wakamwuliza umelitoa kitabu gani.
Akasema, la gunia.
Sijui waliandika nini.

Amepata. Mwaka mmoja hapa, miwili ng'ambo, mmoja hapa.
Wajomba wa Bukoba wamekwisha igawa posho
kabla haijaingia benki: bati, ada, ng'ombe wa mahari.
Shangazi yake anauliza, daktari huyu atatibu nani?
Editha anasema, karatasi kwanza.

Nami nimemwambia mama, jana, wakati wa kula:
kuna binti kazini anazamia.
Akaweka tonge chini.
"Maji anayo ya kutosha?"

Leo Editha amekuja na kitambaa kizito cheusi,
misumari kwenye bahasha ya chuo.
Tumeziba dirisha la safu ya tatu.
Kwa mara ya kwanza nimesimama gizani humu
na kuwasikia hawakwaruzi chochote.

Nje, chini ya taa ileile,
mlinzi anakohoa.