Daftari la Mafuta

Lita kumi na tisa kwa kilomita mia.
Niliandika kwa penseli, nikafuta, nikapiga hesabu upya,
ikarudi ileile
kama paka aliyetupwa mbali.

Pikapu hii ni ya mwaka themanini na nne.
Ilikuwa nyekundu. Upepo wa Patagonia umeilamba
hadi imebaki na rangi ya ufizi.
Kila Jumanne naitoa Gaiman, naipandisha nyanda za juu
na barua, dawa za presha, mitungi ya gesi,
na unga wa watu ambao jirani yao wa karibu
ni kesho.

Kaka yangu Idwal alisema,
"Delfina, hili gari linakunywa kama limealikwa."
Akaninunulia sumaku kwa mchuuzi wa Trelew,
ya kufunga kwenye mpira wa petroli:
eti petroli ikipita hapo hujipanga mstari kama wanafunzi.
Nilifunga. Nilikwenda. Kumi na tisa.
Sumaku sasa inashikilia orodha ya sokoni kwenye friji,
na kazi hiyo inaiweza.

Nikaanza chini, kwenye matairi.
Upepo wa nje tele, wa ndani haba.
Nikajaza.
Kisha nikapanda nyuma na kufunua turubai:
matofali manane niliyopakia wakati wa theluji
ili matako ya gari yasiteleze,
theluji tatu zilizopita;
fuawe; roli la seng'enge;
lango la zizi, sikumbuki la nani.
Wote hao nilikuwa nawalipia nauli.

Chujio la hewa nililigonga ukutani, likatema nusu ya jangwa.
Plagi zilikuwa nyeusi kama meno ya mvuta kiko.
Themostati ilikwama wazi, na injini,
isiyopata joto tangu sijui lini,
ilijipasha kwa petroli, kama mlevi na chupa yake.
Na gurudumu la nyuma kushoto,
nililigusa baada ya safari, nikaondoa mkono haraka:
breki ilikuwa imeng'ang'ania.
Miezi yote hiyo nilikimbia
huku nimejishika shati mwenyewe.

Kumi na sita.

Ukabaki upepo.
Upepo hauna spana.
Unatoka magharibi, na mimi naenda magharibi,
na boneti yangu ni bapa kama mlango wa kabati.
Nikajifunza kuondoka saa kumi alfajiri,
kabla haujavaa viatu.

Na ukabaki mguu wangu.
Huo nao ulikuwa sakafuni,
na mbio za sakafuni ukingo wake ni pampu ya Telsen,
mzee wa pampu akitabasamu.
Nikashusha hadi themanini.
Saa ya kwanza niliona aibu, malori yakinipita na honi zao.
Saa ya pili nikaona guanako, wote wamegeuza makalio upande mmoja.
Nikaona kibao kilichoandikwa MAYAI,
na hapakuwa na nyumba wala kuku.
Halafu, kwenye lango la nguzo mbili,
mtu mwenye bereti ameinua mkono.

Segundo Ñancufil. Dawa zake
nimekuwa nikizitumbukiza kwenye debe la langoni miaka sita,
injini ikiunguruma, macho kwenye saa,
na siku zisizo na dawa nilipita hapo kwa mia na kumi.
Nilisimama. Nikamuuliza, unamsubiri nani?
"Hapana," alisema, "napunga tu. Huwa unapita Jumanne."

Aliweka birika. Tulinywa mate kwa bombilya moja,
maneno machache, mengi ya kondoo.
Lango nyuma ya gari, kumbe, lilikuwa lake;
na nilikuwa nimeshaliacha Gaiman.

Kumi na nne na nusu kwenda.
Kumi na moja kurudi, upepo ukinisukuma bure.
Idwal anasoma daftari, anashangilia,
kisha anaweka kidole kwenye mstari mmoja.
Kuzima na kuwasha, kupanda gia upya, mlima uko palepale:
*Kusimama kwa Ñancufil, robo lita.*
"Hapa," anasema, "hapa pa kukata."

Namnyang'anya penseli.
Jumanne ijayo nampelekea lango lake.
Kilo arobaini. Itaandikwa.