Fishi ya Kujiandikisha, Mara ya Nne

Jina: Zihindula.
Baba alisema maana yake mambo hugeuka,
hakufafanua, alikuwa na sindano mdomoni.
Jina la pili halienei kwenye visanduku;
herufi mbili za mwisho zimebaki nje.

Pahali pa kuzaliwa: Bukavu.
Fishi haiulizi kama ni Kadutu,
wala kwamba kutoka barabarani hadi mlangoni petu
kuna ngazi mia moja na kumi na saba za udongo,
na kila Machi tunazihesabu upya
kwa sababu mvua huondoka na mbili, tatu.

Kazi ya baba: nimeandika "fundi".
Ni fundi wa miavuli. Hukaa kando ya soko
juu ya bidoni la njano, mbavu za chuma mapajani,
akishona kitambaa cheusi juu ya cheusi.
Watoto wa jirani waliombea jua wapate kucheza;
kwetu tuliombea mvua, tena yenye upepo,
ile inayopindua mwavuli wa mwalimu
mbele ya darasa zima.

Mambo unayopenda. Wamenipa mistari miwili.
Napima mvua.
Nina kopo la nyanya juu ya paa, rula ya shule ya msingi,
na daftari tangu nikiwa na miaka tisa:
tarehe, milimita, kisha neno moja.
"Mwizi" ni ile inayosubiri nguo zianikwe.
"Mdai" ni ile inayoaga, halafu inarudi.
Siku tuliyomzika mama nimeandika sifuri.
Ilinyesha. Sikupanda paani.

Masomo yaliyotangulia.
Hapa kalamu ya kuazima inakauka, naitikisa.
Udaktari, mwaka mmoja uliorudiwa,
maana shangazi Nankafu alikwisha tangaza kanisani.
Damu sikuiogopa. Kemia ndiyo iliyonitoa jasho,
mara mbili, kwa alama ileile.
Sheria: hadi Novemba.
Mwaka ule mawingu yalipita juu yetu kama wageni wa jirani,
miavuli ikalala, minervali ikafika nusu,
nikatolewa mlangoni mwa oditwari.
Mpaka leo najua mshtakiwa ana haki;
ukurasa wa haki zenyewe sikuufikia.
Kisha nikauza yunite pale Nyawera, mvua mbili na kiangazi.
Kisha ualimu, Kifaransa. Nilifundisha wiki sita za majaribio
nikiwatazama wanafunzi wakitazama dirisha,
na mimi nikilitazama nao.

Mwaka huu naandika: Jiografia.
Sababu ya kuchagua? Asistanti Murhula
alilipekua daftari langu akisimama, akasema,
"Kopo la nyanya si chombo cha sayansi."
Akafungua ukurasa mwingine. Akaketi.
Akaomba alale nalo usiku mmoja.
Hii ni wiki ya tatu.
Basi andikeni hivyo: naingia jiografia
kwanza nirudishiwe daftari,
mengine tutaonana nayo mbele ya safari.

"Weye tena?" anauliza mama wa dirishani,
muhuri ukining'inia mkononi.
"Kila mwaka uko paka wa premié. Hauchokake?"

Nilikuwa na jibu. Nililitunga usiku,
lilikuwa na Kifaransa ndani yake.
Lakini nyuma yake, ukutani, umeegemea mwavuli wa maua
unaoinama upande mmoja kama mtu mwenye kichomi.

"Mama, ule ubavu wa tatu umekatika.
Mupeleke kwa mzee wa bidoni la njano, kando ya soko.
Mumwambie ni miye nimewatuma."

Anageuka kuutazama, muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
Muhuri unashuka bila yeye kuangalia,
umekaa kombo, umefunika nusu ya jina langu.

Juu ya mabati imeanza.
Kwa sikio, milimita nne. Labda tano.
Neno lake bado sijalipata.