Babu Alikuwa Bahari

Filamu yenyewe ni dakika kumi na tisa,
haina rangi, na sauti yake ililiwa na unyevu
ndani ya kopo la biskuti, kwenye ghala la Ngara.
Inamhusu Vasko da Gama.
Ni kichekesho. Angalau ndivyo walivyokusudia.

Bwana Lobo, Mgoa, fundi wa saa,
aliazima kamera, akakosa nauli ya kwenda Mombasa.
Akaamua: ikiwa nahodha hafiki pwani,
pwani na ije Makongeni.

Merikebu ni mkokoteni wa kuni.
Tanga ni gunia la sukari
na jina la kiwanda limepinduka miguu juu.
Vasko ni Nzioka, karani wa Reli,
ndevu za katani, upanga wa bati.
Anaweka chupa ya soda jichoni, anatafuta Bara Hindi.
Mama mmoja aliyekuwa akipita zake na karai la sukuma
anamwonyesha njia ya Gikomba.
Hapo Bwana Lobo alicheka,
ndiyo maana picha inatikisika.

Na bahari?
Bahari ni turubai la Reli,
na chini yake, kifudifudi vumbini,
Wesonga, mpakizi wa mizigo, babu yangu,
anainua mgongo, anashusha, anainua,
wimbi juu ya wimbi tangu asubuhi
kwa shilingi mbili na chai.

Tumeitazama ukutani kwa dada, Umoja,
kwa projekta ya kukodi, umeme ukija na kwenda.
Watoto wanamcheka Vasko, ndevu zinamdondoka.
Mimi naingoja dakika ya kumi na moja:
dhoruba imechacha, mkokoteni umelala ubavu,
nahodha anapiga kelele asizozisikia mtu,
na pembeni, chini kushoto,
bahari inatoa mguu.

Kisigino kimoja, kikavu, chenye nyufa.
Kisha kinarudishwa haraka,
kama mtu aliyechungulia sebule ya wageni.

Mwishoni majina yanapanda, moja moja.
Hata mwenye mkokoteni ameshukuriwa.
Bahari haikutajwa.

Nikasimamisha picha, nikairudisha.
Mguu ukaingia. Ukatoka. Ukaingia.
Bibi akavuta kiti hadi ukutani,
akavaa miwani, akatazama muda mrefu,
mwanga wote umemwangukia mgongoni,
mawimbi yakimpanda kwenye leso.

“Nilimwambia avae viatu,” akasema.