Maelezo ya Ziada

Ukurasa wa nne mmeacha kisanduku cha mistari mitatu:
Eleza kwa ufupi kwa nini ulikatiza masomo.
Mwandiko wangu ni mpana, afisa, hautaenea humo.
Nageuza karatasi, naandika mgongoni.

Kwanza, karatasi yenyewe.
Gramu themanini, laini zaidi upande wa chini;
naijua kwa kidole gumba hata taa zikizimwa.
Miaka thelathini na mmoja nimesimama
mwisho wa mashine namba tano
nikipokea karatasi kama hii ingali na joto, kama mkate.
Huenda hii imepita mikononi mwangu,
ikangoja ghalani
hadi siku mtakayoniuliza nilikuwa wapi.

Nilikuwa hapo.

Baba alianguka kwenye barafu mwezi wa Machi.
Barua ya chuo ilikuwa mezani, chini ya kopo la kahawa.
Mama hakusema neno. Aliniwekea mlangoni
viatu vya kazi vya baba,
vimesokomezwa magazeti puani ili vinienee.
Nilikuwa na miaka kumi na minane.
Hiyo ndiyo sababu. Je, ni fupi vya kutosha?

Kinu kilipofungwa walitupa keki na saa ya ukutani.
Tauno, mume wangu, akaitundika chooni.
Niliposema naenda Oulu kusomea ustawi wa jamii
alicheka mpaka akakohoa:
samaki mkunje angali mbichi, Raakel,
wewe umeshakauka.
Nikamwambia samaki mkavu hulowekwa.
Tangu siku hiyo ananifungia mkate wa safari,
hasemi kitu, ila siagi anapaka pande zote mbili.

Ruzuku yenu huingia tarehe nne.
Tarehe tano imekwisha kuwa nauli,
miwani, vitabu vya mitumba
vyenye mistari ya njano ya msichana fulani
aliyeona muhimu kila kitu.
Silalamiki. Bila hiyo ningekuwa bado dirishani
nahesabu magari ya watu wanaokwenda kazini.

Sasa barua yenu ya Februari.
Mnasema Desemba nilizidisha kipato
kwa saa kumi na moja, katika duka la mishumaa la Pirjo,
na kwamba nirudishe ruzuku ya mwezi mzima.
Nimepiga hesabu mara tatu. Muhula huu tunasoma takwimu,
nami ni wa pili darasani, nyuma ya mvulana
ambaye hata ndevu bado.
Saa sita kati ya hizo ni za Novemba; zililipwa kwa kuchelewa.
Angalieni kiambatisho B. Nimepigia mstari,
wa njano.

Mkikataa, nitarudisha. Nimezoea kukatwa.
Lakini mniandikie sababu,
na mimi nitawaachia nafasi zaidi ya mistari mitatu.

Kiambatisho C ni tiketi za basi.
Dereva wa saa kumi na mbili asubuhi
bado anadai kitambulisho kila siku.
Anaitazama picha, ananitazama mimi,
anasoma kwa sauti, basi zima lisikie: Mwanafunzi!
Wale watoto wa nyuma hunipigia makofi.
Mara ya kwanza niliona haya.
Siku hizi nainama kidogo, kama mtu wa jukwaani,
kisha natafuta kiti chenye taa.